Nilimwambia bado upo sana

Mzee wangu alikuwa na tabia ya kupiga simu Jumamosi saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, muda ambao Dar yote iliyolipwa mshahara jana yake imelala, na ukipokea hakuna cha umeamkaje wala nini, anaanza moja kwa moja kama anasoma taarifa ya treni. "Baba, utakuja lini huku?" Ananiita baba kwa sababu nimebeba jina la babu, baba yake mzazi, na hiyo ilinisaidia sana utotoni maana kaka yangu alikuwa anachapwa mimi naachwa, mzee anasema mtu hampigi baba yake. Sasa Jumamosi moja mwaka 2022 akaniambia nikienda Tabora nitenge siku nzima, kuna daftari anataka tulipitie, mimi na yeye tu, kabla hajaondoka. Nikamuuliza unaondoka unaenda wapi tena. Akacheka. Hapo ndo nikaelewa, na nilipoelewa tu nikakimbilia jibu letu lile la siku zote: "Aa mzee, wewe bado upo sana."

Bado upo sana. Nimemwambia 2022, nikamwambia 2023, nikamwambia akiwa amekaa kitandani kwangu na mpira wa mkojo unaning'inia pembeni. Nilikuwa naona ni maneno ya heshima, maana mtoto gani atakaa na mzazi wake kuzungumzia kifo chake kama mnapanga safari ya kwenda harusini. Kumbe kila nikisema vile namziba mdomo. Mtu anataka kuniaga, mi namwambia kaa kwanza, chai inakuja.

Niwaambie kidogo alikuwa nani. Aliajiriwa reli mwaka 1964, enzi hizo ni Reli na Bandari za Afrika Mashariki, makao makuu Nairobi, mtu wa Tabora unapata barua ya uhamisho kwenda kokote. Jumuiya ikavunjika 1977 wakajikuta asubuhi ni wafanyakazi wa shirika jipya la Tanzania, kazi ileile, stesheni ileile, kofia tu ndo imebadilishwa nembo. Wale wazee wa Afrika Mashariki mnaowasikia waliodai mafao yao miaka karibu 30 mpaka makubaliano ya mahakamani ya 2005, na yeye alikuwa mmoja wao, ila hakuwahi kwenda kuandamana, yeye alikuwa anaandika tu. Kila kitu anaandika. Alichopata akaezekea bati nyumba ya Isevya, Tabora, akaandika na idadi ya misumari.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa usimamizi wa stesheni, zile ndogo za Reli ya Kati ambazo treni ya abiria inasimama dakika tano halafu mnabaki nyie na mbuzi. Tumekaa Itigi, tumekaa Malongwe, tumekaa Urambo. Mtu akichelewa kula alikuwa anasema "umeondoa treni ya watu". Nilikua naogopa saa kuliko nilivyokuwa naogopa fimbo.

Sasa nisimame hapa niseme kitu kuhusu sisi vijana wa zamani, maana sio vijana tena, tuna miaka 40 na kitu. Nina grupu la WhatsApp la tuliosoma wote sekondari. Lilianza kama grupu la kuchekana na kubishana Simba na Yanga. Halafu zikaja harusi, michango, kamati. Afu sijui ilianza lini, nadhani kuanzia 2018 hivi, kila baada ya wiki mbili tatu mtu anaandika "Wakuu, mzee ametutoka". Na sisi tunajibu. Pole sana kaka. Kazi ya Mungu haina makosa. Innalillahi. Mikono miwili imefumbatana, mia na hamsini ya hizo. Mweka hazina anatupia namba ya kuchangia. Siku ya tatu mtu anarusha klipu ya goli na maisha yanaendelea, na yule aliyefiwa naye anaweka kicheko chini ya klipu. Hakuna hata siku moja aliyewahi kuandika jamani mimi sijui nifanyeje. Wanawake zetu wakifiwa wanaongea, wanalala wote chini kwenye mkeka siku tatu wanasimulia mpaka wanacheka, sisi tunakaa nje kwenye viti vya plastiki tunazungumzia bei ya saruji.

Kuna jamaa yangu mmoja humo, mtu mkubwa tu, ana kampuni yake ya usafirishaji, baba yake alikufa akakata siku saba kazini, nilipomuuliza kwa simu vipi unaendeleaje akaniambia "freshi, nashughulikia mirathi." Nikasema sawa. Yaani mimi na yeye wote tulifurahi kwamba kuna neno mirathi la kujificha nyuma yake.

Mzee alianza kuumwa vizuri katikati ya 2023. Tezi dume. Alikuwa ameficha, anaamka usiku mara saba anamwambia mama ni chai. Mpaka mkojo ulipofunga kabisa ndo dada yangu mkubwa akanipigia, kesho yake yupo kwenye basi na mpira kishawekewa hospitali ya kule. Akaja kwangu Tabata. Madaktari wakaeleza, vipimo, dawa, upasuaji ukasogezwa kwa ajili ya moyo. Hilo silielezi sana, wenye wazee mnalijua, ni foleni na mafaili na kukaa.

Ninachotaka kueleza ni kumuogesha.

Wiki ya kwanza alijifungia bafuni mwenyewe. Wiki ya pili akaanguka. Hakuumia ila alishindwa kunyanyuka na mlango amefunga kwa ndani, ikabidi nivunje kitasa, nikamkuta amekaa kwenye sakafu ameshika ule mfuko wa mkojo mkononi kama mtu aliyeshika taa, anautunza usichanike. Ameangalia ukuta. Hakusema kitu. Mke wangu yuko nje anauliza kuna nini, nikamwambia hamna, lete taulo.

Kwetu mtoto wa kiume haoni uchi wa baba yake. Hayo wala sio maandishi, unayajua tu kama unavyojua huwezi kukalia kiti chake. Hata kwenye vitabu ipo, watoto wa Nuhu wakaingia kinyumenyume na nguo kumfunika baba yao. Nikafikiria kutafuta kijana wa kulipwa, nikampigia kaka yangu Mwanza nikamweleza, akakaa kimya sana akaniambia "mwambie nitatuma hela ya huyo kijana." Alituma. Laki moja na nusu. Mzee alipomuona kijana, mtoto mzuri tu wa mtaani, akamwambia asante mwanangu, mimi nimeshaoga. Akawa hajaoga siku tatu.

Siku ya nne nikaingia mwenyewe. Nikamkalisha kwenye kigoda cha plastiki, amevaa msuli wake, maji ya vuguvugu ndoo moja na kopo. Nikaanza mgongoni maana mgongo hauna shida. Mgongo wa mzee wangu, nilikuwa sijawahi kuushika maishani mwangu. Ngozi imekuwa laini kama ya mtoto, mifupa unaihesabu. Nikashuka miguuni. Kwenye ugoko wa kushoto kuna kovu refu, limezama, nikamuuliza hili la wapi, akasema behewa la ng'ombe, Itigi, wewe ulikuwa hujazaliwa. Akasimulia. Anasimulia behewa, mimi napitisha mkono na sabuni chini ya msuli, naangalia dirisha, yeye anaangalia mlango, behewa linasimuliwa kwa sauti kubwa kupita kiasi, mpaka tukamaliza. Halafu nikamkata kucha za miguu. Zilikuwa nene kama magome, kikata kucha kilishindwa nikatumia mkasi wa mke wangu wa kushonea, mpaka leo hajui.

Kuanzia siku hiyo kila asubuhi. Miezi mitano. Na kila asubuhi stesheni nyingine. Nimeijua Reli ya Kati kwa kumuogesha baba yangu: nani alikuwa dereva mlevi, treni ya mizigo iliyokaa siku mbili Malongwe mvua ya 1998 za El Nino ilipokata njia, mwaka wake wa mwisho kazini huo. Nikikosea nikaruka siku kwa ajili ya ofisi ananiambia jana haukufika, kama vile mimi ndo treni.

Na daftari lilikuwepo. Alikuja nalo, kwenye mkoba, lile la kaunta jekundu ubavuni. Mara mbili tatu alilitoa. Nikamwambia mzee pona kwanza.

Juni 2024 treni ya umeme ikaanza kubeba abiria Dar mpaka Morogoro, na kila siku ipo kwenye taarifa ya habari, mzee anaangalia hapepesi macho. Nikasema huyu lazima apande. Nikakata tiketi, 13,000 kila mtu, tukaenda pale stesheni kubwa ya mjini iliyojengwa kama jiwe la tanzanite. Kuna lifti, kuna ngazi za umeme, mzee kavaa koti la suti la kustaafia na mfuko nimeufunga vizuri pajani ndani ya suruali. Akakaa dirishani. Akaangalia saa yake ya mkononi. Treni ilipoanza kusogea akaangalia tena, akatikisa kichwa. "Imetoka kwa wakati." Kwa asiyemjua mzee wangu, hiyo ni sawa na mtu mwingine kulia machozi ya furaha.

Pugu, Soga. Speed inaonekana kwenye kile kioo juu ya mlango, 120, 150, 160. Akaniuliza upana wa reli, nikagugo, milimita 1,435. Ya kwetu 1,000, akasema, na ile ya Wachina ya TAZARA 1,067, ndo maana hawawezi kupita kwetu mpaka mizigo ihamishwe pale Kidatu. Hilo hakugugo. Akauliza gadi wa hii treni yuko wapi, mbona hakuna wa kutoa bendera. Nikamwambia mzee ni kompyuta. Akafikiri. Kabla hatujafika Ngerengere akasema bila kunigeukia: "Sasa hii nikiwaeleza wenzangu kule hawataamini." Wenzake nawajua wote, na wote walishakufa, wa mwisho alizikwa mwaka jana yake. Nikataka kumwambia nini sijui. Nikamwambia tutapiga picha. Haikufika hata masaa mawili tupo Morogoro, tukala samaki, tukarudi.

Baada ya hapo akataka kurudi kwake. Mimi nikagoma. Hospitali zote zipo huku, daktari kashamzoea, nitarudije na jina mjini kwamba nimemrudisha mzee mgonjwa kijijini, ingawa Tabora mjini sio kijijini. Tukagombana, ugomvi wetu wa kwanza na wa mwisho. Mimi naongea, yeye anakunja nguo. Akaniambia "Baba, kumsafirisha mzee mzima kwa tiketi ni rahisi. Nikilala huku utakodi gari." Hilo nalo nililijibu nini? Eti mzee bado upo sana. Ila nikakata tiketi. Akataka treni ya zamani, ya mita moja, sio basi, zaidi ya kilomita 800 za kutikiswa. Nikampeleka mpaka Tabora mwenyewe. Kila stesheni anafungua dirisha.

Kule akawa anaoga kwa mkono wa shangazi na mama. Simu za Jumamosi zikaendelea, ila sauti ikawa inapungua, na mimi nimerudi kwenye ustaarabu wangu wa kutuma hela kwa M-Pesa halafu najiona nimefanya.

Alifariki Februari 2025, usiku wa Alhamisi. Dada alipopiga sikuuliza, niliona muda tu. Nikapata nafasi kwenye ndege ya asubuhi, kaka akaja na gari kutoka Mwanza, wakasubiri mpaka alasiri.

Alipofunguliwa sanduku lake la bati sanda ilikuwemo. Kaniki ya kufunikia, sanda pande tatu, kafuri kwenye karatasi ya magazeti, mpaka pamba. Kanunua mwenyewe 2021, risiti ipo. Mama alikuwa anajua muda wote.

Sheikh akauliza watoto wa kiume nani wanaingia kuosha. Tukaingia wote wawili na mjomba. Kaka yangu, mtu ana kilo tisini na tano, mikono inamtetemeka mpaka anamwaga maji. Mimi nilikuwa nimeogopa toka nipo angani, ila alipofunuliwa nikaona ni yule yule. Upande wa kulia kwanza, viungo vya udhu, mkono una kitambaa unapita chini ya shuka bila kuangalia. Nilijua. Nilijua bega lipi linauma ukiliinua ghafla, na nikaliinua taratibu. Kaka akaona lile kovu akaniuliza kwa macho. Nikamwambia, behewa la ng'ombe, Itigi. Mjomba akasema msiongee. Tukanyamaza, ila kaka akaacha kutetemeka.

Watu walikuwa wengi. Jeneza linatoka getini hivi, tunasikia "Simama! Laini haijafunguliwa!" Ni mtani wake, mzee wa Kizaramo, gadi mstaafu, miaka themanini na kitu, kasimama katikati ya geti na khanga nyekundu ya mtu kaishika kama bendera, mkono mwingine kiunoni, kile kisimamo cha mzee wangu mwenyewe, tumbo mbele. "Treni hii haina ruhusa. Huyu Mnyamwezi ananidai heshima mimi namdai nauli." Sheikh akakunja uso kidogo, ila na yeye Mnyamwezi, anajua. Tukatoa elfu tano. Mzee akaikagua noti juani, akaikunja, akatafuta kitu cha kijani, akakosa, akachuma tawi la mwembe akalipeperusha. "Imetoka kwa wakati," akasema. Maneno yaleyale. Nilicheka mpaka jeneza likayumba begani, na sijui ni wapi kicheko kiliisha kikawa kingine, ila watu waliokuwa nyuma walidhani nimejikwaa.

Pale makaburini ikatangazwa kama kawaida, anayemdai marehemu aje kwa familia, maana tunafundishwa nafsi ya muumini inaning'inia kwenye deni lake. Hakuja mtu. Siku ya nne tukakaa sebuleni, mama, kaka, madada watatu na mimi, ndo daftari likafunguliwa. Lile ambalo alitaka tulipitie sisi wawili.

Kurasa za mbele: wanaomdai. Fundi baiskeli, 2,000. Mama wa maandazi, 1,500. Duka la Mpemba, 8,700. Msikiti, balbu mbili, "niliahidi". Nilizunguka Isevya siku nzima kulipa. Fundi baiskeli akaniapia kwamba mzee alishalipa, alisahau kufuta, nikamwachia tu, akaichukua kwa mikono miwili. Mama wa maandazi alikataa hela akanifungia maandazi, sasa nikarudi tena tunadaiwa.

Kurasa za nyuma: wanaomdai yeye hawapo, hawa ni anaowadai. Wengi amepiga mstari, pembeni kaandika "marehemu, nimesamehe". Mmoja hakupigiwa mstari. "Baba, 40,000, nauli na chumba, atarudisha mshahara wa kwanza. 11/2003." Kaka akasema mbona babu alikufa 1979, mzee alishaanza kuchanganyikiwa lini? Wakaanza kubishana kama ni baba mdogo au baba mkwe. Mimi nimekaa kimya, masikio yanawaka.

Nikasema ni mimi.

Nilikuwa naenda Dar kutafuta kazi. Mshahara wa kwanza nilinunua simu. Nikaanza kujitetea pale, jamani si nimemtumia hela miaka yote, jumlisheni muone, dada mdogo, yule mwalimu, akasema zile zilikuwa za matumizi, deni ni deni, na sasa ni mali ya warithi, lete. Mama anacheka kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Dada akachukua kalamu. Mama thumni, moja ya nane, 5,000. Inabaki 35,000, mafungu saba, wanaume mawili mawili, wanawake moja moja. Madada elfu tano tano, kaka 10,000.

Nikatoa arobaini mezani, nikagawa mbele yao kama mtoto anayesahihishiwa hesabu. Kila mtu akachukua chake. Ikabaki msimbazi moja katikati ya meza, hakuna anayeigusa.

"Hiyo ni yako," dada akasema. "Umerithi."

Nikalivuta daftari nikaandika imelipwa, na tarehe. Mzee alikuwa amechora mistari yake kwa rula, safu ya mwisho kulia ni saini ya mpokeaji. Nikamuuliza mama asaini nani hapa. Akasema acha hivyo hivyo.